Tasnifu Rafuni, Omena Mchangani

Kila mwaka, mahafali yanapokaribia, idara za uhandisi wa mitambo katika vyuo vikuu vyetu hupokea mzigo mpya wa tasnifu. Zimepigwa chapa vizuri, zimetiwa majalada magumu, na mgongoni majina ya watunzi yanameta kwa herufi za dhahabu. Nyingi kati yake zinahusu mambo yanayomgusa mwananchi moja kwa moja: vikaushio vya jua, pampu za maji, meko ya kuni, mashine za kuvunia magugumaji, mitambo ya biogesi. Zikisha kusahihishwa, hupangwa rafuni. Mwaka unaofuata huja nyingine, aghalabu juu ya mambo yale yale, nazo hupangwa kando ya zile za kwanza.

Wakati huo huo, katika ufuo wa Dunga, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya mji wa Kisumu, mama aliyenunua omena alfajiri anawaanika mchangani juu ya wavu kuukuu, kama mama yake alivyofanya kabla yake. Wingu likitokea upande wa vilima vya Nandi, anakimbia kuwakusanya. Asipowahi, samaki hao, ambao jirani zetu wa Tanzania huwaita dagaa, watalowa, watapoteza rangi na kuanza kunuka. Waliokuwa wauzwe kwa bei ya chakula cha watu watauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Hasara hiyo humwangukia mama peke yake.

Makala haya yanauliza swali moja tu: kwa nini rafu ile na mchanga huu havikutani?

Kabla sijawanyoshea wengine kidole, ni vyema nikiri deni langu mwenyewe. Kwa miaka mingi nilifundisha fizikia katika shule moja ya upili si mbali na ziwa. Mwaka mmoja, binti mmoja wa kidato cha tatu aliunda kikaushio cha jua kwa ajili ya mashindano ya sayansi. Lilikuwa sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeusi ndani, lenye kioo cha mita mraba moja juu yake, na matundu ya kuingizia hewa chini na kuitoa juu. Alieleza kazi yake kwa ufasaha hata waamuzi wakampigia makofi, naye akapewa cheti. Mimi, mwalimu wake, nilitembea kifua mbele kwa muhula mzima.

Baada ya mashindano tulikipeleka kile kikaushio Dunga, tukidhani tunawapelekea wenyeji wokovu. Mama mmoja alikizunguka, akainama akachungulia ndani, akagusa kioo. Kisha akasema kwa upole: "Mwalimu, kisanduku hiki ni kizuri sana. Lakini hiki ni cha mboga ya nyumbani. Mimi nafanya biashara." Akarudi kwenye wavu wake. Yule binti aliniangalia akisubiri jibu, nami sikuwa nalo.

Jibu nililipata baadaye kwa kalamu na karatasi, na naona haya kwamba sikulitafuta kabla ya msumari wa kwanza kupigiliwa. Nawaomba walimu na wanafunzi walifuatilie pamoja nami, maana hesabu yenyewe haihitaji zaidi ya fizikia ya shule ya upili.

Chukua kilo 100 za omena wabichi. Takriban kilo 75 kati ya hizo ni maji. Ili samaki wahifadhike, tuseme maji yapunguzwe yabaki asilimia 15 ya uzito. Kilo 25 za nyama kavu, pamoja na maji hayo machache yaliyobaki, zitakuwa kama kilo 29. Kwa hiyo yapasa kuondoa zaidi ya kilo 70 za maji. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke katika joto la kawaida la mchana huhitaji takriban megajuli 2.4, yaani thuluthi mbili za uniti moja ya stima, ile tunayoilipia kila mwezi. Kilo 70 zitahitaji basi kama uniti 47. Jua la Kisumu, siku ambayo mbingu ni nyeupe, humwaga uniti 5 hadi 6 juu ya kila mita mraba ya ardhi. Lakini sanduku la kawaida halitumii joto lote hilo. Likitumia robo yake, limefanya kazi nzuri, nayo robo hiyo ni kama uniti moja na nusu, au pungufu kidogo. Gawanya 47 kwa kiasi hicho, utaona kwamba mama yule alihitaji kioo cha mita mraba zaidi ya 30 ili akaushe mzigo wake kwa siku moja. Hiyo ni zaidi ya nusu ya sakafu ya darasa. Kikaushio chetu chenye mita mraba moja kingekausha kilo tatu.

Mama hakuhitaji hesabu hii. Aliiona kwa macho, kwa kuwa yeye hupima kwa beseni kila siku. Sisi tuliosoma ndio tuliohitaji kuifanya, na hatukuifanya.

Hadithi haikuishia hapo. Binti yule alifaulu vyema, akaingia chuo kikuu kusomea uhandisi wa mitambo. Katika mwaka wa mwisho walipewa orodha ya mada za utafiti, naye akachagua, au akachaguliwa, kikaushio cha jua. Safari hii alikuwa na vipimajoto vya kielektroniki, feni ndogo, na kurasa nyingi za milinganyo. Kioo kilikuwa mita mraba moja ile ile, kwa sababu fedha za kununulia vifaa zilitoka mfukoni mwake na hazikutosha zaidi. Alipata alama za juu. Aliponiandikia kunipasha habari, aliongeza sentensi moja chini ya barua: "Mwalimu, hiki cha sasa kinakausha kilo nne."

Nilicheka, kisha sikucheka tena. Miaka mingi ya masomo, yake na ya waliomfundisha, ilikuwa imeongeza kilo moja.

Si omena peke yao wanaotudai hesabu. Tuangalie magugumaji, ambayo yaliingia katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwaka 1998 yalikuwa yamefunika maelfu ya hekta za Ghuba ya Winam. Meli zilikwama na wavuvi wakashindwa kufika majini. Taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI, ilianza kuachilia wadudu jamii ya fukusi mwaka 1997 ili wayale magugu hayo. Kisha, chini ya mradi wa mazingira ya ziwa uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, kampuni moja ya Marekani ilipewa kandarasi ya kuyakatakata kwa mashine. Magugu yalipungua sana, kisha baada ya miaka kadhaa yakarudi. Tangu wakati huo ni nadra kupita mwaka bila chuo fulani kubuni chombo cha kuyavuna au mashine ya kuyageuza kuwa makaa.

Nia ni njema. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya gugu hilo ni maji, na mara nyingi asilimia hiyo hukaribia 95. Tani moja iliyovuliwa kwa jasho jingi ina takriban kilo 50 tu za kitu kikavu. Anayetaka kuikausha kwa moto ili atengeneze makaa atatumia zaidi ya uniti 600 za joto kuondoa maji, ilhali kilo 50 zile zikichomwa hazitarudisha hata uniti 200. Ni kama mtu anayetumia shilingi tatu kununua shilingi moja. Mtambo wa biogesi, kwa upande mwingine, hauhitaji gugu kavu, maana vijidudu vinavyotengeneza gesi huishi katika unyevu. Ndiyo sababu naona mantiki katika mradi ulioanzishwa Dunga mwaka 2018 wa kuwapa wakazi gesi ya kupikia itokanayo na magugu hayo, kwa ushirikiano wa kampuni ya humu nchini ya Biogas International, kampuni ya dawa ya AstraZeneca, na Chuo Kikuu cha Cambridge. Hapo ndipo mtafiti hana budi kuanza: aujue uzito wa adui yake kabla ya kuchora upanga.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni makosa ya wanafunzi wachanga. La hasha. Taifa zima limewahi kufanya kosa hilo kwa fahari kubwa. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata kama halitapendeza wala kwenda kasi. Wahandisi wa chuo, wakisaidiwa na karakana za mashirika mengine ya umma, walilipokea jukumu hilo, na mnamo Februari 1990 magari ya mfano yaliyoitwa Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani pale Kasarani. Magari yalitembea. Waliodai kwamba Mwafrika hawezi kuunda gari walinyamazishwa. Lakini wananchi hawakupata kuyanunua, kwa kuwa fedha za kuyaunda kwa wingi hazikupatikana. Kilichobaki ni karakana ya kuchonga vyuma na vipuri, ile ijulikanayo kama Numerical Machining Complex.

Sisemi kwamba kazi ile ilikuwa ya bure. Wapo mafundi waliofunzika, na karakana yenyewe ni mali. Ninachosema ni kwamba swali la "Je, tunaweza kuunda moja?" lilijibiwa kwa ushujaa, ilhali swali la "Je, tutaunda ngapi, kwa gharama gani, na nani atanunua?" liliachwa lijijibu lenyewe. Maswali ya namna hiyo hayajijibu.

Kisumu yenyewe inaijua tofauti hiyo tangu kuzaliwa kwake. Mnamo mwaka 1900, kabla reli haijafika mjini, meli ya William Mackinnon, iliyoundwa Uskoti na kuletwa vipande vipande, iliunganishwa hapa na kushushwa majini. Meli ya Victoria, iliyoanza safari mwaka 1961, nayo ilitengenezwa Uskoti ikaunganishwa Kisumu. Hata katika miaka hii ya 2020, Uhuru II, meli tunayojivunia kuona imeundwa katika karakana ya Kisumu, imejengwa kwa ushirikiano na kampuni ya Damen ya Uholanzi. Ni hatua, na mafundi wetu wamejifunza kuchomelea kwa viwango vya juu. Hata hivyo yafaa tujiulize ni lini michoro ya chombo cha kuhudumia ziwa hili itatoka katika chuo chetu kimoja, ikapita mikononi mwa mafundi wetu, ikamfikia mvuvi.

Jambo hilo linawezekana, na mfano tunao jikoni mwetu. Mapema katika miaka ya 1980 watu walikuwa wakihangaika kutafuta jiko litakalopunguza matumizi ya makaa. Wazo la awali lilitoka Thailand, kwenye jiko la udongo lililofanana na ndoo. Halikunakiliwa kama lilivyo. Lilipelekwa kwa mafundi wa jua kali ambao tayari walikuwa wakiunda majiko ya bati, likapelekwa kwa akina mama wapikao, likarudishwa, likabadilishwa, likapelekwa tena. Matokeo yake ni jiko tulijualo sote, lenye bati nje na udongo ndani, kiuno chembamba na msingi mpana usiopinduka mtu akisonga ugali. Huku Magharibi mwa Kenya, vikundi vya akina mama wafinyanzi, kikiwemo kile cha Keyo karibu na Kisumu, vilijifunza kufinyanga kiini cha udongo cha jiko la kuni lijulikanalo kama Upesi, nao wakaliuza sokoni. Majiko hayo yalishinda kwa sababu swali la kiasi, bei na mtengenezaji liliulizwa mwanzoni, na aliyeulizwa alikuwa mpishi mwenyewe.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini haki nayo itendeke: wahadhiri wetu si wavivu, wala hawana dharau. Nimezungumza na baadhi yao. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa idadi ya makala aliyochapisha katika majarida ya kimataifa, na jarida la kimataifa halina haja ya kujua kama mama wa Dunga amekausha omena wake. Mwanafunzi ana mwaka mmoja tu, naye huutumia huku akiwa na masomo mengine chungu nzima. Fedha za utafiti zikija, huja na mada zake kutoka huko zilikotoka. Karakana za vyuo zina mashine chache zinazogombewa na wanafunzi wengi. Katika hali hiyo, kuchora kikaushio kingine cha mita mraba moja ni jambo la busara kwa mtu anayetaka kufuzu. Mfumo humtuza kwa hilo.

Kwa hivyo tusiishie kulaumu. Yapo mambo matatu yanayoweza kufanyika bila kusubiri bajeti mpya ya serikali.

La kwanza, kila mada ya utafiti ianze na kiasi. Kabla ya mchoro wowote, mwanafunzi aende ufuoni, iwe Dunga, Usenge, Mbita au Homa Bay, akae siku kadhaa, apime kwa mizani yake mwenyewe. Mfanyabiashara mmoja hununua kilo ngapi? Hulipa nini kwa wavu? Mvua humnyang'anya siku ngapi kwa mwezi? Karatasi hiyo moja isahihishwe na kupewa alama kabla ya nyingine zote. Hesabu ya omena niliyoitoa hapo juu ingemwonyesha mwanafunzi mapema kwamba sanduku la kioo si njia ya kilo 100. Ingemwelekeza kwenye vichanja vya wavu wa waya vilivyoinuliwa kufika kiunoni, ambapo upepo wa ziwa hupita juu na chini ya samaki na kufanya sehemu kubwa ya kazi bila malipo. Kisha ingembakishia tatizo la kweli la kihandisi: kifuniko cha bei nafuu ambacho mtu mmoja anaweza kukivuta juu ya vichanja vyote kabla ya tone la tatu la mvua kuanguka. Tatizo hilo lina nguvu, msuguano, uzito, upepo na gharama ndani yake. Linatosha tasnifu tano.

La pili, utafiti urithiwe. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kila mwaka sisi hukimwaga kibaba na kuanza upya. Mwanafunzi wa mwaka huu apokee kazi ya aliyemtangulia ilipofikia, pamoja na makosa yake yote yaliyoandikwa wazi, aiendeleze. Tasnifu inayosema kwa ushahidi kwamba njia fulani haifai ihesabiwe kuwa na thamani, maana itawaokoa kumi wasipite njia hiyo. Idara za Nairobi, Eldoret na Kakamega zina wanafunzi wa kutosha kulishughulikia tatizo moja la ziwa kwa miaka kumi mfululizo, badala ya matatizo kumi kwa mwaka mmoja mmoja.

La tatu, waamuzi waongezwe. Siku ya kutetea tasnifu ya kikaushio, mbele ya jopo aketi pia fundi wa jua kali kutoka Kibuye na mama mmoja mwanika omena. Fundi aulize: "Nitakichomelea kwa vyuma gani, na kwa shilingi ngapi?" Mama aulize lake. Muhtasari wa kazi, kurasa mbili tu, uandikwe kwa Kiswahili na Kidholuo ili wawili hao waweze kuondoka nao. Atakayeona kwamba hilo litashusha hadhi ya chuo na akumbuke kwamba jiko la bati na udongo lilipitia mikononi mwa watu wa aina hiyo, na hadi leo halijashushwa hadhi na yeyote.

Nanyi walimu wenzangu wa shule za upili, msidhani haya ni ya vyuo vikuu pekee. Mazoea ya kuunda kimoja cha kupigiwa makofi huanzia kwetu, kwenye mashindano na maonyesho yetu. Mimi ndiye niliyemfundisha yule binti kwamba kazi imekwisha cheti kikitolewa. Chuo kilipokea alichokipokea.

Leo binti huyo ni mhandisi kamili katika kampuni moja jijini Nairobi ishughulikayo na viyoyozi vya ofisi. Anaijua hewa, joto na unyevu kuliko watu wengi ninaowafahamu. Simlaumu, ana kazi nzuri na anawasomesha wadogo zake. Ila kila nipitapo Dunga wakati wa mawingu, nikawaona akina mama wakikimbilia nyavu zao, humkumbuka, na hukumbuka kwamba tulikuwa na mtu wa kazi hii, tukampa swali lisilo lenyewe.

Basi mwalimu atakayesimamia utafiti muhula ujao, na mwanafunzi atakayeufanya, waanze kwa kuandika mstari mmoja juu ya ukurasa wa kwanza, kabla ya jina la chuo na kabla ya shukrani: kifaa hiki ni cha kilo ngapi, za nani?